Matundu Mawili kwenye Ukuta wa Bibi

Krismasi hii iliyopita, wiki tatu tu zimepita, nilisimama nyuma ya nyumba ya Bibi na sinia la machalari, ndizi zetu za nyama, mikononi, nikamsikiliza Anko Deo akiiharibu hadithi bora kuliko zote nilizo nazo. Anko Deo ni mume wa shangazi yangu Fortunata. Ni mtu mwema, ana sauti kama kengele ya misheni. Alikuwa amewazungusha wageni wake wawili wa mjini Moshi kuwaonyesha bomba la gesi linavyoingia ukutani. "Hapa," akasema akilipigapiga jiwe, "fundi alikuja na mashine. Saa moja tu, bruuu, likatokea ndani." Mgeni mmoja akachungulia tundu lingine, lililo juu kidogo ya lile la bomba, ambalo haliendi popote. "Na hili?" Anko Deo akalitazama kama vile ndiyo kwanza analiona. "Hilo? Hilo ni la hewa." La hewa! Nilitaka kulitua sinia nimweleze ukweli. Lakini mimi ni mtu ambaye akikanyagwa kanisani ndiye anayeomba samahani, kwa hiyo nikasema, "Karibuni chakula," nikaingia ndani.

Basi naandika. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nimelitoa chini ya godoro kaunta buku la mwaka wangu wa kidato cha pili, na kurasa zake za mwisho bado zinamwaga vumbi la chokaa ukizifungua. Nikizisoma najicheka, maana nilikuwa naweka alama za mshangao tatu tatu, kwenye habari za ng'ombe kama kwenye habari za mtihani. Lakini ule mwaka ulistahili. Ungekuwa wako na wewe ungeweka.

Nyumba yenyewe, tunamoishi mimi na Bibi, iko Kilema, imejengwa kwa mawe meusi, na kuta zake za nje ni nene kiasi kwamba dirishani unaweza kupanda, ukakunja miguu yote miwili, ukasoma kitabu kizima bila kuning'inia upande wowote. Hapo ndipo nilipokuwa nakaa wageni wakija. Watu walinipita wakidhani ni pazia. Ila waliojenga walichoka walipofika juu, kwa sababu kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati, na hata ile ya nje imeachiwa uwazi wa kupitisha hewa. Kwa hiyo ni nyumba ambayo tembo hawezi kuivunja, lakini ukinong'ona chumba cha kwanza, chumba cha tatu wanakujibu. Pasaka ya mwaka ule nilikuwa kitandani nasinzia baada ya chakula cha mchana, nikamsikia Shangazi chumba cha pili akimwambia mumewe, "Umesikia anavyokohoa?"

"Nimesikia."

"Daktari kasema ni moshi. Kifua na macho, vyote ni moshi. Mwaka huu ukiisha bado anapikia kuni kule bandani, Krismasi namchukua tunashuka naye. Siwezi kuzika mama yangu kwa sababu ya kuni, Deo."

"Na Aika?"

"Aika ataenda hosteli ya wasichana mjini. Atazoea."

Aika ndiye mimi. Nilisinzia tena? Nani! Nililala nimefumbua macho kama mjusi. Hosteli, yaani vitanda arobaini, na kila kitanda na msichana anayeongea. Na Bibi mjini, amekalishwa kwenye sofa, dirishani anaona ukuta wa jirani, asubuhi hana ng'ombe wa kumsemesha. Nikawa nawaza hivyo na machozi yananiingia masikioni, ndipo kutoka chumba cha tatu sauti ya Bibi ikapita juu ya kuta zote, taratibu kabisa: "Nyie mnaonizika, nisubirini nife kwanza." Kisha nikasikia kitanda cha Anko Deo kikitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anageuka au anacheka.

Lakini Shangazi hakuwa mbaya, na hili nalisema kwa haki. Lile banda la kupikia lilikuwa linatuua. Lilikuwa la mbao, limesimama peke yake karibu na zizi, ndani jeusi mpaka kwenye nyavu za buibui, na mimi nililipenda kuliko mahali popote. Jioni tulikaa humo tukisubiri kiburu kiive, ndizi na maharage vikichemka pamoja kwenye sufuria lenye kitako cha masizi, Bibi kwenye kigoda, mimi kwenye gunia, na kwa sababu huoni vizuri uso wa mwenzako, hata mtu mwenye aibu kama mimi anaongea. Nilimweleza Bibi mambo ya shule ambayo sijawahi kumweleza mtu. Naye alinijibu huku akifuta macho kwa ncha ya kanga, na akimaliza kufuta, akakohoa, na akimaliza kukohoa, akasema, "Enhe, halafu?" Ilichukua miezi nikubali kwamba ile "enhe, halafu" ilikuwa inamgharimu.

Chama chetu cha maziwa ndicho kilicholeta habari ya biogesi. Bibi aliposikia kwamba kinyesi cha ng'ombe wake Malaika kinaweza kuwasha moto, alisema, "Miaka yote hiyo nimekuwa natupa moto kwenye migomba?" Mwezi wa saba shimo likachimbwa chini ya zizi, likajengwa, likafunikwa. Mwezi wa tisa tukaanza kulilisha: kila asubuhi ndoo ya kinyesi, ndoo ya maji, unakoroga kwa mkono mpaka mabonge yaishe, unafungulia uji ushuke shimoni. Nilikuwa nafanya kwa zamu na Bibi, na siku za zamu yangu nilijisugua kwa limau kabla ya shule na bado nikakaa dawati la nyuma. Mwezi wa kumi na moja nikafanya mtihani wa kidato cha pili. Desemba ikaingia, mtambo umejaa gesi, jiko la chuma jipya limewekwa juu ya meza kwenye chumba cha stoo ndani ya nyumba ya mawe, maana fundi alikataa katakata kuweka gesi kwenye banda lenye kuni. Bomba limelazwa kutoka zizini mpaka nyuma ya nyumba. Kilichobaki kati ya bomba na jiko ni ukuta.

Ukuta tu! Mwaka mzima umefika kwenye ukuta!

Fundi alikuwa anaitwa Remi, mtu wa Rombo, mwembamba, anayeongea na vifaa vyake. Alikuja siku tano kabla ya Krismasi. Nilimuuliza (niliandika kwenye daftari kwamba nilimuuliza, maana kwangu lilikuwa tukio) kwa nini bomba lisizunguke lipitie dirishani. Akanieleza kwamba gesi hii hutembea na mvuke, na mvuke ukipoa ni maji. Bomba lazima lipande polepole kutoka kwenye mtambo mpaka jikoni, ili maji yarudi yalikotoka. Likipanda na kushuka, maji yatatuama kwenye bonde na moto utazima. "Kwa hiyo ni hapa," akasema, akachora alama ndani ya stoo, mita moja kutoka sakafuni. Akawasha mashine. Lipu ikamwagika kama unga, nikamshika Bibi mkono. Kisha ikagonga jiwe. Sauti ikabadilika ikawa ya mbwa aliyekanyagwa mkia, tukanusa kitu kinaungua, na ncha ikakatika.

Fundi Remi akaitazama mashine, akautazama ukuta. "Bibi, hii si nyumba. Hii ni ngome. Nani alijenga?"

"Mume wangu."

"Alikuwa anaogopa nini?"

"Baridi," Bibi akasema.

Akafungasha. Ataleta ncha ndefu ya mawe baada ya mwaka mpya, sasa anapanda kwao Mkuu kula sikukuu. Bibi akamwambia, "Baada ya mwaka mpya utanikuta mjini nimekalishwa kama mgonjwa." Fundi akacheka, akapanda pikipiki, akasema kwa utani, kofia tayari iko kichwani, "Basi fanyeni kama mafundi wa zamani! Wao walichukua bomba la chuma, wakalikata meno mbele kama msumeno. Unagonga, unazungusha kidogo, unagonga, unazungusha. Mkitokea upande wa pili mnipigie simu!" Akaondoka anacheka. Bibi alibaki amesimama palepale, na nilimwona midomo inatembea. Gonga, zungusha. Gonga, zungusha. Akageuka. "Aika. Lile bomba la maji la zamani nyuma ya zizi bado lipo?"

Sijawahi kuchangamka namna ile. Nililikata meno mwenyewe kwa msumeno wa chuma, nikayanoa kwa tupa, mikono ikaota malengelenge kabla hata ya kazi yenyewe. Halafu tukafanya kosa letu la kwanza, ambalo lilionekana kama akili: tukalikata bomba vipande viwili, tukakitia meno na cha pili, ili Bibi atoboe kutoka ndani na mimi kutoka nje, tukutane katikati. Bibi alikuwa na miaka sabini na mbili. Alichukua mwiko akaugongagonga ukuta huku ametega sikio, pole pole, mpaka akapata mahali panapolia bubu. "Hapa hakuna jiwe, hapa ni udongo na chokaa kati ya mawe," akasema, na palikuwa ubavuni kabisa mwa alama ya fundi. Mimi nikakimbia nje kupima. Na hapa nataka kujisifu kabla sijajiumbua. Nilipima kutoka kona, nikakumbuka kuongeza unene wa ukuta wa pembeni, nikapata mahali penyewe kabisa, kulia-kushoto hakuna kasoro. Kisha nikapima mita moja kwenda juu, nikachora alama, nikamwomba Mungu, nikagonga.

Gonga, zungusha. Ukizidisha kugonga bomba linakwama. Ukizidisha kuzungusha meno yanaisha. Kila baada ya muda unalichomoa, unaligonga juu ya jiwe, na soseji ya vumbi inadondoka kutoka ndani. Tulianza asubuhi, tukaacha saa za kukamua, tukaendelea. Bibi alikataa kabisa kuwasha moto siku zile, alisema mikono ni miwili tu, kwa hiyo tulikula ndizi za kuchemsha za jana yake, zimepoa, na parachichi, tumekaa kizingitini tuna vumbi mpaka kwenye kope kama watu waliofufuka. Tukiwa kazini sauti zetu zilipita kwenye uwazi wa juu.

"Wewe huko nje! Umelala?"

"Nagonga, Bibi!"

"Mimi nasikia kuku anadonoa."

"Nimefika jiwe!"

"Mwambie anipishe. Mwambie ni mke wa mwenye nyumba."

Nikacheka mpaka nikajigonga kidole. Ile siku ya pili ya kutoboa nimeiandika hivi, na naiacha ilivyo: *Bibi hakohoi!!! Ana vumbi lakini hakohoi kama kwenye moshi. Leo ameimba nyimbo za kanisani zote anazozijua halafu akaanza za harusi.*

Siku ya tatu asubuhi, siku moja kabla ya mkesha, nilianza kuisikia nyundo yake kwa viganja. Kila akigonga, bomba langu linanong'ona. Karibu! Tuko karibu! Nikagonga kama kichaa. Lakini kadiri nilivyosonga, ule mnong'ono haukutoka mbele yangu, ulitoka chini. Nikaacha. Nikachukua kijiti, nikakitumbukiza kwenye tundu langu mpaka mwisho, nikakivunja usawa wa ukuta. Nikaingia ndani nikafanya vilevile kwenye tundu la Bibi. Nikaenda mlangoni, ambapo unene wa ukuta unaonekana wazi, nikaviweka vijiti vyangu viwili kichwa kwa mkia. Vilizidi. Vilizidi ukuta kwa vidole vinne.

Sikuhitaji hesabu ya kidato cha pili kujua maana yake. Tulikuwa tumeshapishana ndani ya ukuta, kila mmoja anaendelea na safari yake.

"Bibi," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeungama. "Tumepishana."

Akaja, akaviangalia vijiti. "Ulipima vipi?"

"Mita moja, Bibi. Fundi alisema mita moja. Ndani mita moja, nje mita moja."

Akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama pale nilipokuwa nasimama, kisha akarudi ndani, akasimama pale alipokuwa anakaa. Akaweka mkono juu ya paja. "Sakafu yangu iko hapa. Udongo wa kule nyuma uko hapa." Mkono ukapanda kama shibiri moja. "Aika, mjukuu wangu, uliyekumbuka mpaka unene wa kona. Nyumba yetu iko mlimani."

Mtoto aliyezaliwa mteremkoni, anayepanda na kushuka tangu ajue kutembea, anayejua kwamba hapa hata mpira wa miguu unachezwa timu moja ikipanda! Nilikaa kwenye gunia la mahindi nikalia. Nililia kwa hasira, si huzuni. Niliiona hosteli, nikaviona vile vitanda. Siku moja na nusu imebaki, vipande vya bomba ni vifupi, tundu langu ni bure. Bibi aliniacha nilie kidogo, kisha akasema, kama anayejisemea, "Wanaochimba mfongo wangepima hivyo, maji yangekwenda kumwagilia shamba la jirani."

Mfongo ni mfereji wetu wa maji, unaotoka juu msituni na kupita vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba. Mwezi wa nane siku ya kuusafisha nilipeleka chakula kwa wanaume waliokuwa wanachimba upya mahali palipobomoka, na niliwaona: hawakuwa na tepu, hawakuwa na chochote. Waliyafungulia maji kidogo, wakachimba, wakayaacha yasogee, wakachimba. Maji yakisimama wanajua wamepanda, yakikimbia wanajua wameshuka. Nikaacha kulia katikati ya pumzi. "Bibi! Mpira wa zizini!"

Ulikuwa mpira mrefu wa kijani wa kuteka maji mfongoni kwa ajili ya ng'ombe. Tuliujaza maji mpaka mapovu yakaisha. Ncha moja Bibi akaishika ndani, imeelekea juu, usawa wa mdomo wa tundu lake. Mpira ukapita mlangoni, ukazunguka nyumba nzima, na ncha ya pili nikaishika mimi kule nyuma. Mpira haupitishi mwanga, kwa hiyo huoni maji yako wapi. Unachoweza kujua ni kwamba, pande zote mbili zikijaa hadi ukingoni bila kumwagika, ziko sawa. Nikashusha yangu.

"Yangu yamekauka!" Bibi akapiga kelele. "Umeninyang'anya maji!"

Nikamimina kikombe, nikapandisha.

"Yananimwagikia! Aika! Yameingia kwenye kiatu!"

"Pole, Bibi! Sasa?"

"Bado... bado... wee! Simama! Simama hapohapo, usipumue!"

Sikupumua. Maji yalikuwa yamevimba kwenye mdomo wa mpira kama jicho, hayamwagiki. Kwa mkono mwingine nikachora mstari ukutani. Ulikuwa shibiri nzima chini ya tundu langu la kwanza. Nikautazama ule mstari mdogo wa mkaa nikahisi kitu ambacho tangu hapo nimekitafuta kwenye kila somo: kujua jambo kwa hakika bila mtu yeyote kuniambia.

Tukaanza upya saa nane mchana. Bibi aliendelea ndani mpaka kipande chake kikaishia mkononi, hakiendi tena, akatoka kuja kunipokea. Tukapokezana, nyundo mia yeye, nyundo mia mimi, na aliyepumzika ananoa meno. Giza lilipoingia tukaacha. Mkesha wa Krismasi tukaamka, tukakamua, tukarudi ukutani na vitambaa vimefungwa viganjani. Jua lilikuwa limeshafika utosini, Bibi ameingia stoo kusikiliza, nilipogonga, na bomba, badala ya kunirudishia ule mtetemo wa kwenye meno, likaniponyoka. Likaingia lote mpaka kwenye vidole vyangu, kama mtu amelivuta. Nikalichomoa. Kukawa na tundu jeusi, na hewa ya baridi ya stoo, ya mahindi na sabuni, ikanipuliza usoni. Kisha mwishoni kabisa kukawa na duara la mwanga. Kisha mwanga ukazimika na sauti ikaja ndani ya jiwe, karibu kama iko kifuani mwangu:

"Naliona jicho lako. Lina tongotongo."

Nilipiga ukelele ambao Malaika alijibu kutoka zizini. Mimi, Aika, pazia la dirishani! Nilizunguka nyumba nikikimbia, nikamkuta Bibi bado amepiga magoti anachungulia, nikamkumbatia kwa nyuma tukaanguka wote.

Fundi Remi alipopokea simu huko Mkuu hakuamini. "Nani aliwaruhusu? Mimi nilikuwa natania!" Lakini alituongoza, neno kwa neno: tupitishe bomba, tulipake gundi, tukaze kwa waya, tuzibe kwa udongo pembeni, na tusiwashe kiberiti kabla ya kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likivimba, gesi inatoroka. Kiungo kimoja kikavimba, tukafunga koki, tukakaza, tukapaka tena, likatulia. Kisha Bibi akafungulia, nikawasha. Moto wa bluu, mfupi, bila sauti. Bibi akapeleka kiganja, akakirudisha upesi. "Haya," akasema, "hauna sauti lakini unauma." Tukabandika chai.

Shangazi Fortunata alifika saa kumi, na akatoka kwenye gari na begi kubwa la magurudumu ambalo ukilibeba unaona halina kitu. Alikwenda moja kwa moja bandani, akakuta majivu ya baridi. Akaingia stoo. Alitazama jiko, alitazama bomba, alitutazama sisi na nywele zetu za chokaa, akakaa, akapokea kikombe. Akanywa. Akasita.

"Haina ladha," akasema.

"Haina moshi," Bibi akasema. "Hiyo uliyozoea wewe ndiyo ladha ya kifua changu."

Shangazi akaweka kikombe chini. Nilidhani yamekwisha, lakini yeye ni muuguzi, haondoki kwa neno tamu. "Mama, nimefurahi. Lakini nimeona mitambo hii, naijua. Miezi mitatu watu wanashangilia, mwezi wa nne hakuna wa kukoroga kinyesi, gesi inaisha, kuni zinarudi. Wewe mgongo huo utainama mpaka lini? Nani atakoroga, kila siku ya Mungu, mvua na jua?"

Bibi hakujibu. Alikuwa anaweza kusema ni mimi, na mimi ningeitikia kwa kichwa kama kawaida yangu, na Shangazi asingeamini, kwa sababu nani anaamini mtu anayeitikia kwa kichwa? Alinyamaza makusudi. Niliuhisi ule unyamavu wake umekuja kukaa mbele yangu. Nikawaza lile dawati la nyuma, na limau, na wasichana wanaoziba pua. Miaka miwili mizima, kila asubuhi.

"Mimi, Shangazi," nikasema. "Zamu ya Bibi na yangu, zote nazichukua. Saa kumi na mbili, kila siku, kabla ya shule. Siku nikishindwa nitakupigia simu mimi mwenyewe nikuambie uje umchukue."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Akakichukua tena kikombe, akanywa. "Haya," akasema. "Kesho saa kumi na mbili nitasimama pale nione."

Na alisimama. Asubuhi ya Krismasi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, kengele ya misa ya kwanza inalia, yeye amejifunika shuka la kitanda na kikombe mkononi, mimi gauni jipya limefungwa kiunoni na mkono umezama ndooni hadi kwenye kiwiko. Nilitafuta mabonge moja baada ya jingine, nikayavunja. Hakuniharakisha, hakunisaidia. Nilipofungulia, uji ukashuka, mtambo ukameza. Akaniletea sabuni na maji ya moto, ya moto kweli, kutoka kwenye jiko letu, akanimiminia mwenyewe.

Aliondoka siku ya pili yake. Nilimkuta chumbani kwa Bibi amelifungua lile begi la magurudumu juu ya kitanda, na nikadhani anapakia nguo za Bibi, kisha nikamwona Bibi mwenyewe anaingia na mkungu wa ndizi mshare begani, anakataa kupokelewa. Wakakaa wawili hao wakaukatakata vichane, wakavipanga ndani ya begi, cha juu na cha chini, wakibishana kuhusu nafasi. Ilibidi mimi nipande nikae juu ya kifuniko ndipo Shangazi aweze kufunga zipu.